Bakteria wa mapafuni: ndio chanzo cha uvimbe wa njia za hewa, au uvimbe ndio unaowakaribisha?

Binti wa Langoni, Lamu
Assalaam aleikum ndugu zangu. Mama yangu amepikia kuni za mikoko tangu usichana wake. Kwa miaka mingi sasa anakohoa makohozi kila asubuhi, na akipanda ngazi za nyumba pumzi humbana. Daktari alitueleza kwamba ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, akamwandikia dawa ya kuvuta. Jamaa nyumbani, hata hivyo, wanashikilia kwamba kifua chake kimejaa bakteria, na kila akizidiwa hununua antibiotiki dukani. Naomba kufahamishwa: pafu lenye afya halina bakteria kabisa? Na kama wamo, ni wao wanaoleta uvimbe?

Mwanamaabara, Malindi
Wa aleikum salaam, dada. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba pafu la mtu mzima wa afya halina kijidudu, kwa kuwa bakteria wengi wa humo hawaoti wanapooteshwa maabara kwa njia za kawaida. Mwaka 2010 watafiti wa London na wenzao walisoma vinasaba vya bakteria moja kwa moja, wakawakuta hata katika njia za hewa za watu wasio wagonjwa. Ni wachache mno wakilinganishwa na wa utumboni, na wengi huteremka na mate kutoka kinywani, hasa tunapolala. Kwa wenye pumu na wenye ugonjwa wa mama, jamii ya Haemophilus ilikuwa imezidi. Kwa wenye afya ilizidi Prevotella.

Kuhusu kipi kinaanza, moshi huharibu vinyweleo vinavyosukuma ute kwenda juu, na ute ukituama kama maji ya mtaro uliozibwa, bakteria hupata makao. Mwili hupeleka seli nyeupe kupambana nao, lakini vimeng'enya vinavyotolewa na seli hizo hula pia kuta za njia za hewa, ute ukazidi, na bakteria wakaongezeka. Kwa hiyo, kwa mgonjwa kama mama, naamini moshi ulitangulia na bakteria wakauendeleza ubaya wake.

Mwalimu wa Biolojia, Lamu
Nakubaliana, ila tusiharakishe kuwaita Prevotella wema. Mwaka 2016 watafiti wa New York walionyesha kwamba watu ambao mapafu yao yalikuwa na bakteria wengi wa kinywani, wakiwamo hao Prevotella, walikuwa na dalili zaidi za uvimbe, ingawa hawakuwa wagonjwa. Utafiti wa aina hiyo huonyesha mambo mawili yanayoandamana, wala hauthibitishi kwamba moja limeleta jingine. Ndiyo maana panya waliolelewa bila bakteria wowote wana thamani kubwa: katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019, panya hao walipopewa dawa inayotia makovu mapafuni, walinusurika kuliko wenzao wenye bakteria. Hapo bakteria wana mkono wao, walau kwa panya na kwa ugonjwa wa makovu, ambao sio wa mama.

Muuguzi wa kifua, Malindi
Dada, jambo linalonitia wasiwasi ni hizo antibiotiki za dukani. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2011 uliwapa wagonjwa wa aina ya mama azithromaisini, mojawapo ya antibiotiki, kila siku kwa mwaka mzima, nao wakazidiwa mara chache zaidi. Lakini baadhi yao walipungukiwa na usikivu wa masikio. Isitoshe, dawa hiyo hutuliza uvimbe wenyewe mbali na kuua bakteria, kwa hiyo nafuu yake haithibitishi kwamba bakteria ndio chanzo. Ni dawa ya kutolewa na daktari, kwa mgonjwa aliyechaguliwa na anayefuatiliwa.

Mpelekeni hospitali makohozi yakiongezeka, yakigeuka rangi, au pumzi ikibana kuliko kawaida yake. Ombeni makohozi yapimwe, kifua kikuu kikiwemo, kabla hajameza antibiotiki yoyote. Na jiko la kuni, ikiwezekana, lihamishiwe uani penye upepo, au mama apikiwe na mwingine, kwani moshi huo bado unaendelea kumdhuru.