Naomba ushauri: nifanyeje ili picha zangu za magari ya zamani ziwe bora zaidi?

Msafiri wa Upanga (mleta uzi)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wenu kuhusu jambo ninalolipenda kwa dhati, yaani upigaji picha za magari, hasa yale ya zamani ambayo bado yanatembea katika barabara za Dar es Salaam: Peugeot 504, Land Rover za bodi ya alumini, Datsun na Toyota Corona za miaka ya sabini. Sifanyi biashara. Ninapiga kwa sababu magari haya yanazidi kupungua mwaka hadi mwaka, na ningependa wale watakaokuja baada yetu wayaone yakiwa na hadhi yake, si yakiwa vyuma chakavu nyuma ya gereji.

Kamera yangu ni DSLR (ile ya kubadilisha lenzi) niliyoinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55. Mjomba wangu ana Peugeot 504 nyeupe anayoitunza vizuri mno, na kwa kawaida hunipa nafasi ya kuipiga picha siku ya Jumamosi, mchana wa saa sita au saa saba, ikiwa imeegeshwa chini ya mwembe nyumbani kwake. Ukiitazama kwa macho ni gari la kuvutia kutoka pembe zote, lakini katika picha pua yake inaonekana imevimba, kioo cha mbele kimejaa matawi ya mwembe, ubavu hauna uhai, na ule weupe wake umegeuka kijivu.

Ninaomba kujua mambo mawili. Kwanza, je, tatizo ni vifaa, na kama ni vifaa, nianze kununua nini? Pili, nimepanga kwenda Naivasha, Kenya, kutazama mashindano ya magari ya Safari Rally, nami sijui namna ya kupiga gari likiwa katika mwendo. Natanguliza shukrani.

Kibo Lenzi

Ndugu, lenzi inayokuja na kamera ina mipaka yake. Ukiwa na uwezo, tafuta kamera yenye sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) pamoja na lenzi ya milimita 70 hadi 200, kwa kuwa lenzi ndefu hulipa gari umbo lake halisi na huitenga vizuri na mandhari iliyo nyuma. Kwa Naivasha utaihitaji kwa vyovyote vile.

Mwalimu wa Kinondoni

Ninamheshimu Kibo Lenzi, na kuhusu Naivasha ninakubaliana naye, lakini kwa gari lililoegeshwa ninamsihi mleta uzi asitoe hata shilingi kwa sasa. Pua ya gari haivimbi kwa sababu ya ubovu wa lenzi, bali kwa sababu ya mahali mpiga picha aliposimama. Unapotumia milimita 18, ambayo huona eneo pana, unalazimika kusogea karibu sana ili gari lijaze fremu, na ukiwa karibu namna hiyo, taa ya mbele inakuwa jirani nawe mno ikilinganishwa na taa ya nyuma, kwa hiyo ya mbele hutokea kubwa na ya nyuma hufifia. Zungusha lenzi hiyo hiyo hadi milimita 55, kisha rudi nyuma hatua baada ya hatua mpaka gari lienee. Kwa sensa ndogo ya kamera yako, milimita 55 ni sawa na milimita 80 na kidogo kwenye kamera ya sensa kubwa, na huo ni urefu unaotosha kabisa kulipa gari sura yake ya kweli.

Jambo la pili ni kimo. Watu wengi hupiga gari wakiwa wamesimama wima, kamera ikiwa usawa wa macho, na matokeo yake paa na boneti hutawala picha huku gari likionekana dogo. Piga goti, ushushe kamera hadi usawa wa taa za mbele. Mwombe mjomba akate usukani upande ulio kinyume na wewe unapopiga kutoka pembe ya mbele, ili uso wa rimu ndio ukutazame, si meno ya tairi. Kisha kagua nyuma ya gari: nguzo ya umeme inayochomoza juu ya paa inaharibu picha nzuri, na kusogea hatua moja kushoto au kulia mara nyingi kunatosha kuiondoa.

Kuhusu weupe kugeuka kijivu, kamera yako haina hitilafu. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa wastani, kwa hiyo kikikutana na gari jeupe lililojaza fremu hupunguza mwanga. Ongeza fidia ya mwangaza, yaani iambie kamera iongeze mwanga, kwa nusu stopu hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili), huku ukitazama histogramu, ile grafu ya giza na mwanga, ili boneti isipoteze maelezo yake. Kwa gari jeusi fanya kinyume chake.

Lakini yote haya hayatakusaidia sana ukiendelea kupiga saa sita mchana. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa. Hata katika miezi mingine, mwanga wa mchana hushuka kutoka juu, ukaunguza paa na boneti na kuziacha mbavu za gari gizani. Mwombe mjomba, kwa adabu yote anayostahili, akubali kuamka mapema mara moja. Nendeni Coco Beach kabla jua halijachomoza, mliegeshe gari sambamba na ufuko, nawe usimame upande wa bahari. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo ubavu huo wa gari utapata mwanga laini wa anga lote lililo juu ya bahari, ambalo halina jengo wala mti wa kuingia katika rangi. Ila uwe umejiandaa, kwani huku kwetu mapambazuko ni mafupi: tangu mwanga uanze kutosha hadi jua litokeze ni kama dakika ishirini tu.

Fundi Rangi Keko

Ndugu zangu, mimi si mpiga picha, ni fundi wa kupaka magari rangi, na nimeingia humu kwa sababu maneno ya Mwalimu kuhusu anga yamenigusa. Ningependa kuyaongezea kutoka upande wa karakana.

Rangi ya gari iliyokamilika haionekani yenyewe. Kinachoonekana ni vitu vinavyoakisiwa juu yake. Sisi tunapomaliza kupiga puti (lile lipu la kuziba mabonde ya bati) na kusawazisha mlango, hatutegemei macho peke yake kujua kama umenyooka; tunawasha taa ndefu za mirija na kutazama mstari wa mwanga unavyokimbia juu ya bati. Mstari ukinyooka, kazi ni safi. Ukipinda au kukatika, hapo pana bonde au nundu, hata kama kiganja hakijaihisi. Kwa hiyo ninapotazama picha ya gari, jambo la kwanza ninalolitafuta ni mstari huo, na picha nyingi za mtandaoni hazina mstari wowote: ubavu mzima umejaa vipande vya ukuta, maduka, bodaboda na miguu ya mpiga picha mwenyewe.

Chukulia Peugeot 504 ya mjomba. Uzuri wake uko katika mstari wa bega, ule unaoanzia juu ya taa ya mbele, ukapita chini ya madirisha, na kufika kwenye buti ambalo mteremko wake unavunjika kwa namna ambayo sijaiona kwa gari jingine. Sehemu iliyo juu ya bega inatazama anga, na sehemu iliyo chini yake inatazama ardhi na vitu vilivyo upande wa pili wa barabara. Ukiliweka gari mahali ambapo anga ni jeupe na ardhi ni nyeusi kidogo, kwa mfano lami iliyoloa baada ya mvua, mpaka kati ya mwanga na kivuli utaangukia palepale kwenye bega, na gari litajichora lenyewe. Chini ya mwembe mpaka huo hauwezi kupatikana, kwa sababu juu ya bega pia kuna majani.

Kabla hujabonyeza kitufe, lizunguke gari polepole ukitazama bodi badala ya kutazama gari. Utaona mstari ukisogea kadiri unavyotembea. Simama pale unapokimbia kutoka mbele hadi nyuma bila kukatika, na kama hauonekani popote, lisogezeni gari. Gari jeupe linasamehe mengi katika jambo hili, lakini siku utakapompata mwenye Mercedes nyeusi utaona kwamba rangi hiyo haifichi chochote.

Na tafadhali, lioshwe na kufutwa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Vumbi ambalo jicho halilioni hujitokeza waziwazi mwanga unapokuwa wa ubavuni.

Bi Mkubwa wa Tanga

Shikamoo, Fundi. Umeeleza vizuri sana. Ningependa kugusia kichujio cha polaraiza, yaani kioo cha kupunguza maakisi, kwa sababu mleta uzi amelalamikia matawi kwenye kioo, na hiki ndicho kifaa cha pekee ambacho ningemshauri akinunue mapema. Hufungwa mbele ya lenzi na huzungushwa kwa mkono. Ukikizungusha huku ukitazama, utaona maakisi ya kioo yakififia hadi usukani na viti vionekane. Kinafanya kazi vizuri zaidi unapokitazama kioo kwa mshazari, si uso kwa uso, na kinapunguza mwanga kwa kiasi cha stopu moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo alfajiri utahitaji stendi ya miguu mitatu.

Hata hivyo, uwe na kiasi. Kichujio hiki hakichagui: kikizungushwa hadi mwisho hufuta pia ule mstari wa bega ambao Fundi ameueleza, na gari likabaki kama limepakwa chokaa. Tena, vioo vya milangoni na vya nyuma vya magari mengi ni vya aina iliyoimarishwa kwa joto, navyo chini ya kichujio hiki huweza kuonyesha madoadoa ya ajabu ambayo macho hayakuyaona. Njia ninayoitumia ni kupiga picha mbili bila kuisogeza stendi, moja kichujio kikiwa kimesafisha kioo na nyingine kikiwa kimeacha mng'ao wa bodi, kisha nikaziunganisha kwenye kompyuta.

Jambo jingine la heshima kwa mwenye mali: fifisha namba za gari kabla hujaweka picha hadharani. Zile za njano za magari binafsi huvuta jicho kuliko kitu kingine chochote katika fremu, kwa hiyo hata picha yenyewe itanufaika.

Jirani wa Naivasha

Karibu sana Kenya, ndugu. Mashindano yalianza mwaka 1953, na baada ya kukosekana katika ubingwa wa dunia tangu 2002 yalirejea 2021 yakiwa na makao yake hapa Naivasha. Tangu 2024 yanafanyika mwezi wa Machi, badala ya Juni, kwa hiyo jiandae kwa vumbi na matope katika siku hiyo hiyo. Mwambie mjomba wako kwamba gari lake lina historia hapa, kwani Ove Andersson alishinda Safari ya 1975 akiendesha 504, na Jean-Pierre Nicolas akafanya vivyo hivyo 1978.

Kuhusu mwendo, wageni wengi huweka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, kwenye 1/2000 ya sekunde na kurudi na picha za magari yanayoonekana yameegeshwa, kwa sababu hata rimu zimeganda. Ili gari lionekane linakwenda, shusha shata hadi 1/125, weka fokasi ya kuendelea (inayolifuata gari linaposogea) na upigaji wa mfululizo, kisha lifuate gari kwa kuzungusha kiuno huku miguu imetulia, ukianza kulifuata kabla halijakufikia na kuendelea hata baada ya kubonyeza. Ukizoea, shuka hadi 1/60, kisha 1/30. Picha nyingi utazifuta, na hivyo ndivyo ilivyo kwa kila mtu. Kasi ya 1/1000 iache kwa gari linaloruka au linalopasua dimbwi la maji.

Kabla ya kusafiri, fanya mazoezi huko kwenu. Mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Morogoro yana njia yake, hivyo ukisimama sehemu moja salama kando ya barabara kila basi litapita umbali ule ule kutoka kwako, nawe utaweza kujifunza bila kubahatisha.

Udongo wetu ni wa volkano na ni mwepesi kama unga. Simama upande unaotoka upepo ili wingu liende mbali nawe, usibadilishe lenzi ukiwa porini, na ninakusihi sana usikae upande wa nje wa kona. Gari likipoteza njia huelekea huko. Fuata maelekezo ya wasimamizi hata kama pembe nzuri iko ng'ambo ya utepe.

Msafiri wa Upanga (mleta uzi)

Ninawashukuru nyote. Mjomba alikubali, na tulikwenda Coco Beach alfajiri. Kwa mara ya kwanza nimeuona mstari wa bega ukikimbia bila kukatika, na sura ya gari imekaa sawa kwa milimita 55. Kibo Lenzi, kwa Naivasha nitaazima lenzi ndefu. Nimebaki na swali moja: bampa la mbele, ambalo ni la chuma kinachong'aa, linanionyesha mimi mwenyewe na stendi yangu, na kichujio nilichoazimwa hakikuondoa kitu.

Fundi Rangi Keko

Hakitaondoa, mdogo wangu. Kichujio kile kinafanya kazi kwenye kioo na kwenye rangi, lakini chuma kitupu hakiguswi nacho. Bampa la 504 limepinda, kwa hiyo linakusanya kila kilicho mbele yake. Vaa nguo nyeusi, rudi nyuma zaidi kadiri lenzi inavyoruhusu ili umbo lako liwe dogo, na usisimame mbele yake moja kwa moja. Ikiwa bado unaonekana, waombe watu wawili wanyooshe shuka jeupe kati yako na bampa, chini ya usawa wa lenzi, karibu na gari kadiri inavyowezekana bila kuingia kwenye fremu. Chuma kitaakisi shuka badala yako, na ukingo wa juu wa bampa utapata mstari mweupe ulionyooka.