Kuna mtu amepeleka mbele zile dakika nne za mwanzo wa Up, na bado anajiita mpenzi wa filamu

Kiti_cha_Mbele:

Wakuu, naandika huku natetemeka. Nikikosea herufi mnisamehe. Nikikosea adabu msinisamehe, nimekusudia.

Jina silitaji na wala hamlihitaji. Ni yule yule. Yule anayetoa alama kabla filamu haijafika nusu. Yule aliyewahi kutuandikia humu insha ndefu kwamba filamu za katuni ni za kuwanyamazisha watoto wakati wakubwa wanafanya mambo ya maana. Ehe, huyo huyo.

Jana usiku alikuwa kwangu. Watoto wamejaa chini kwenye mkeka, wakubwa kwenye makochi, mama mkwe kwenye kiti chake, taa zimezimwa. Tunaangalia Up, ile ya mwaka 2009, ya mzee na nyumba inayobebwa na maputo. Carl na Ellie wameshakutana utotoni, wamefunga ndoa, muziki ndio kwanza unaanza. Kinachofuata mnakijua. Yeyote mwenye moyo unaodunda anakijua. Bwana yule akanyoosha mkono, akaikwapua rimoti pembeni ya kochi, AKAPELEKA MBELE.

"Hapa hakuna kitu," akasema. "Hata hakuna anayeongea. Twende kwa mbwa."

TWENDE KWA MBWA.

Huyu ni mtu wa kwenda msibani akauliza kama inawezekana kuruka mpaka pale watu wanapotawanyika.

Hebu niwakumbushe alichoruka. Ni kama dakika nne tu, hazina mazungumzo, ni muziki wa Michael Giacchino peke yake, wimbo mmoja unaoanza kwa kurukaruka na kuishia kwenye piano ya upweke. Humo ndani kuna ndoa nzima. Wanaweka akiba ya safari kwenye mtungi wa kioo: tairi linapasuka, mtungi unavunjwa, Carl anavunjika mguu, unavunjwa, mti unaangukia paa, unavunjwa tena. Ellie anamfunga mumewe tai, kisha tai nyingine, kisha nyingine, na kila inapokazwa miaka imeshapita. Wanapamba chumba cha mtoto. Mara tuko kwa daktari, Ellie amefunika uso, daktari anaongea na sisi hatusikii neno.

Binti yangu wa miaka sita kila akifika hapo ananivuta mkono: "Mbona analia?" Mama mkwe akifika hapo haulizi. Anatazama chini. Picha ni ile ile moja, wakuu! Mmoja anaona mtu ana huzuni na anataka kujua sababu, mwingine sababu anaijua na angependa asiijue. Hakuna aliyekatiwa kipande chake. Ndiyo maana filamu hizi zinaweza kukaliwa na bibi na mjukuu kwenye chumba kimoja bila mmoja kumvumilia mwenzake.

Lakini bwana yule ana nadharia yake, mmeshaisoma humu mpaka mmeikariri: eti watoto wanapewa watu wa kuanguka na kugongana, wakubwa wanapewa mafumbo ya chini chini ili wasisinzie, nusu kwa nusu, biashara imekwisha. Uongo mtupu. Chukua Finding Nemo ya 2003. Mtoto anaogopa kupotea, mzazi anaogopa kupoteza. Bahari moja, samaki wale wale. Nani kapewa nusu hapo?

Na mtu huyu, mwenye nadharia, AMEPELEKA MBELE.

Watoto ndio waliopiga kelele kwanza. Watoto! Wale wale anaosema hawawezi kukaa na kitu kisicho na maneno. Binti yangu akasimama mbele yake, mikono kiunoni: "Anko, umemruka Ellie." Mtoto wa miaka sita ameona kosa, mtu mwenye ndevu hajaliona. Nikasema rudisha. Akasema nisiwachoshe watoto, halafu AKAIKALIA RIMOTI.

Bado hamjasikia. Karibu na mwisho, Carl amekaa peke yake, anafungua kile kitabu cha Ellie cha safari, kurasa alizodhani ni tupu anakuta zimejaa picha za maisha yao wawili. Chumba kizima kimya. Mama mkwe ameshatoa leso. Bwana yule akanigeukia, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto:

"Sasa huyo mwanamke ni nani?"

HUYO MWANAMKE NI NANI! Umemruka, baba! Umemruka ukaenda kwa mbwa!

Filamu hii iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora kabisa ya mwaka, na kabla yake filamu ya uhuishaji iliyowahi kufika hapo ilikuwa moja tu, Beauty and the Beast. Muziki wake ukashinda. Muziki wa dakika zile zile alizoona hazina kitu.

Mtu huyu asipewe tena rimoti popote ulimwenguni. Nawasilisha.

---

Paka_Mvivu: Naweka kigoda hapa, uzi huu nitazeeka nao.

Kaptura: Pole mkuu. Ila swali dogo: rimoti ilikuwa ya nani? Ukimwachia mgeni rimoti umemwachia nyumba.

Kiti_cha_Mbele: SIKUMWACHIA. ALIIKWAPUA. Soma kwanza ndipo uulize.

Kaptura: Nimesoma. Nimeona pia mwanamume na familia yake ameshindwa kumwinua mtu mmoja kwenye kochi.

Paka_Mvivu: Hahahaha, binti ndiye alisimama. Baba alikuwa anaandaa uzi kichwani.

Mama_Pacha: Nyie mnalia kwa kukosa dakika nne? Mimi namtafuta huyo bwana aje kwangu leo hii! Pacha wangu wanataka ile ya barafu ya 2013, Frozen, asubuhi, mchana na usiku. Wakimaliza wanaanza upya. Ningempa rimoti na ufunguo wa nyumba juu yake.

Ingawa nitasema hili. Mwanzoni nilikuwa upande wa yule binti mwenye mikono ya barafu. Sasa baada ya kuirudia mpaka ninaiota, anayenitoa machozi ni baba yake. Mzee wa watu kafunga malango, kawatenganisha mabinti, akidhani anawalinda. Pacha wanaimba, mimi nimekaa nafikiria mambo niliyowakataza wanangu wiki hii.

Msomaji_Kimya: Mama Pacha kasema kitu. Mimi yangu ni Bambi, ya zamani kabisa, 1942. Muulize mtu yeyote, atakuapia alimwona mama yake Bambi akianguka. Hakuna picha hiyo. Mlio wa bunduki unasikika tu, kisha theluji na mtoto anayeita. Kilichobaki kila mtu anakijaza mwenyewe, kwa umri alionao.

Kiti_cha_Mbele: ASANTE. Ukimya! Na huyu bwana akifika penye ukimya ANAPELEKA MBELE.

Kaptura: Tusimwonee lakini. Nadharia yake si ya kutupa yote. Lile jini la Aladdin ya 1992, Robin Williams anaigiza sauti za watu maarufu ambao mtoto hawezi kuwajua hata kwa dawa. Kile kilikuwa cha wakubwa, tuwe wakweli.

Kiti_cha_Mbele: Na watoto hawakucheka? Walicheka mpaka wakagaragara, kwa sababu jini linabadilika sura kila nukta na sauti inakimbia nalo. Mkubwa anamjua anayeigizwa, mtoto anaona uso unageuka. Ni kichekesho kimoja! Ule utani wa kukonyezana na wakubwa juu ya vichwa vya watoto ndio unaochuja baada ya miaka miwili, hakuna anayeukumbuka. Ellie mnamkumbuka. ISIPOKUWA MMOJA.

Mshangao2: Habari zenu, mimi mgeni humu. Labda huyo ndugu alikuwa amechoka na siku yake. Na kusema haki yule mbwa ndiye kiini cha filamu.

Paka_Mvivu: Akaunti imefunguliwa leo. Karibu sana, tunakufahamu.

Mama_Pacha: Mkuu Mshangao2, kabla hujakimbia, kesho jioni una nafasi?

Mshangao2: Sijui mnamzungumzia nani. Nimesema tu mbwa anaongea, kwa hiyo anaeleweka.

Kiti_cha_Mbele: "ANAONGEA KWA HIYO ANAELEWEKA." Wakuu, mmeiona. Ipigeni picha kabla hajafuta.

Jicho_la_Tatu: Kama tatizo lake ni watu wasioongea, mwekeeni Flow ya 2024 kutoka Latvia. Paka, mbwa, ndege na kapibara, yule mnyama mkubwa wa jamii ya panya, kwenye mashua moja, dunia imefurika maji, hakuna neno hata moja mwanzo hadi mwisho. Imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ya kutengenezea katuni ambayo hata wewe unaweza kuipakua, na imechukua Oscar ya uhuishaji mwaka 2025. Mwanangu hajasoma bado, bibi yake hasomi tena bila miwani, na wote wawili hawakuhitaji tafsiri. Sauti ni za wanyama wa kweli waliorekodiwa. Isipokuwa kapibara, huyo walimpa sauti ya mtoto wa ngamia.

Paka_Mvivu: Ya nani?

Jicho_la_Tatu: Mtoto wa ngamia. Sauti yake mwenyewe haikuendana na mnyama mtulivu vile.

Paka_Mvivu: Kwa hiyo nimemlilia ngamia? Nimekaa nikamwonea huruma kapibara saa nzima kumbe ni ngamia? Hii ndiyo ilipaswa kufunguliwa uzi, si mambo ya rimoti.

Msomaji_Kimya: Sauti ni sauti. Paka je, hukumlilia?

Paka_Mvivu: Paka alikuwa paka. Mimi naongelea uaminifu.

Bado_Nipo: Mmenikumbusha maumivu. Kwetu kuna mtu, na mnamjua wa kwenu, ambaye majina yakianza kupanda mwisho wa filamu anazima televisheni. Papo hapo! Taa zinawashwa, watu wanafukuzwa wakalale. A Bug's Life ya 1998 ina vipande pale kwenye majina, wadudu "wanakosea" mistari yao kama waigizaji wa kweli, watoto wanacheka wadudu wanavyojikwaa, wakubwa wanacheka kwamba kuna mtu alikaa akahuisha makosa kwa makusudi. Nimeyaona ukubwani. UKUBWANI, wakuu. Utoto wangu wote nilizimiwa.

Kaptura: Huyo ni mbaya kuliko wa rimoti.

Kiti_cha_Mbele: SI KWELI. Wa kwenu amekunyima utani wa mwisho. Wa kwangu AMENINYIMA MKE WA MHUSIKA MKUU.

Bado_Nipo: Wewe ulinyimwa mara moja. Mimi nililelewa hivyo.

Fundi_Spika: Yote hayo ni madogo. Tuzungumzie sauti. Kwa nini mzazi na mtoto wanaponong'onezana kwenye filamu sisikii kitu, naongeza, naongeza, halafu mlima unalipuka jirani wananigongea ukuta? Nani anatufanyia hivi?

Mama_Pacha: FUNDI! Mungu akubariki. Kwangu kila usiku! Maneno yanamezwa, nyimbo zinapasua madirisha.

Bado_Nipo: Mie nilidhani ni masikio yangu.

Kiti_cha_Mbele: Jamani, uzi wangu ni wa mtu kupeleka mbele dakika nne.

Fundi_Spika: Si masikio. Filamu nyingi zinachanganywa kwa spika sita, na mazungumzo mengi yanawekwa kwenye ile ya katikati. Televisheni yako ina spika mbili, na hiyo ya katikati haipo. Mazungumzo yanabanwa humo humo pamoja na mlipuko, na mlipuko una nguvu zaidi.

Paka_Mvivu: Na sauti ya ngamia inatoka spika ipi?

Msimamizi: Tubaki kwenye mada, wakuu.

Kaptura: Mada ilikuwa nini?

Kiti_cha_Mbele: TWENDE KWA MBWA! MADA NI TWENDE KWA MBWA!

Bado_Nipo: Mbwa gani?

Mama_Pacha: Fundi, sisi tusio na spika sita tufanyeje?

Fundi_Spika: Ingia kwenye mipangilio ya sauti. Kama imewekwa sauti ya kuzunguka, badilisha iwe stirio ya kawaida. Kisha tafuta hali ya usiku, au kitu cha kukuza mazungumzo, kila televisheni ina jina lake. Hiyo inapunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko. Spika zisielekee ukutani.

Mama_Pacha: Ngoja nijaribu, pacha wamelala.

Fundi_Spika: Anza chini kwanza, usiongeze kwa pupa.

Mama_Pacha: Fundi, inasikika! Yule baba ndiyo kwanza namsikia anasema nini pale malangoni. Basi tena, wameamka. Wanataka ianze mwanzo.