Tupeane uzoefu: siku maji yalipokuumbua (Arusha na Moshi)

Chalii wa Mrombo
Wakuu salama. Leo alfajiri nimeumbuka. Nimejipaka sabuni mwili mzima, nywele mpaka nyayo, nafungua tena bomba linakoroma tu kama mzee mwenye mafua. Krrrr, kisha kimya. Ndani kulikuwa na jagi moja la maji ya kunywa. Nikasuuza macho na zile sehemu muhimu, kwingine nikajifuta na kanga ya mama watoto, nikapanda haisi. Mpaka nafika sokoni Kilombero nimejikuna hadi konda ananiuliza, "Broo, tetekuwanga?" Siti nzima wakasogea.

Haya semeni, yalikuumbua lini na ulijinasuaje? Mimi nimeanza na kadogo.

Ndoo Tupu
Mwili mzima kwa jagi moja. Wewe ungetufaa jeshini.

Mangi wa Rau
Poleni Chuga. Sisi Moshi tunafungua bomba tunakinga glasi tunakunywa, maji ya chemchemi za Nsere na Shiri, ya baridi bila friji. Nyie endeleeni kujifuta na kanga.

Mpangaji Na. 7
Mangi acha sifa. Kule Majengo, hukohuko Moshi, tulikuwa wapangaji saba, dira moja, bili inagawanywa kwa vichwa. Mwezi mmoja ikaja 94,000. Tukamkalia kikao mama mwenye pacha wachanga, eti nepi. Mama wa watu akalia, akalipa fungu mbili. Mwezi uliofuata ikaja 110,000 na yeye alikuwa kwao Rombo na watoto wake! Ndipo usiku mmoja nimetoka kukojoa saa tisa nakuta bodaboda nne zimepanga foleni uani, chumba namba 3 kavaa gambuti anaosha, buku kila moja. Alikuwa na biashara miezi mitano na sisi ndio wabia tusiopata faida. Kesho yake kahama na rimoti yangu.

Yule mama sijawahi kumwomba radhi mpaka leo. Nikimwona Mbuyuni navuka barabara.

Mama Nasieku
Mwombe radhi kaka. Nepi za pacha ni ndoo mbili tu, nimelea nazijua.

Mwenye Nyumba
Na ndiyo maana mimi koki yangu ina kufuli. Nafungua saa 12 mpaka saa 2 asubuhi, na jioni hivyo hivyo. Mpangaji akiachiwa bomba anaosha mpaka kivuli chake.

Ndoo Tupu
Wenye nyumba wameanza kuchangia, hapa amani imekwisha.

Mpangaji Na. 7
Mzee na kodi ya miezi sita unachukua mbele na maji unayatia kufuli? Mungu anakuona.

Mwenye Nyumba
Mungu ananiona na bili anaiona. Jenga ya kwako.

Kijana wa Mwanga
Nyie mnagombea kufuli. Mimi nimekulia kilimani pale juu, tunaliona bwawa la Nyumba ya Mungu kwa macho linameremeta, na maji tunanunua kwa dumu kutoka kwa punda. Mgeni akija anasema "mna mandhari nzuri".

Dada Tabasamu
Nilikuwa nasoma tu nikacheka, ila la Mangi la kufungua bomba na kunywa limenigusa pabaya, ngoja niseme.

Mimi nimezaliwa Maji ya Chai, hapa barabara kuu ya Moshi–Arusha. Kwetu maji hayakukatika. Mto upo, kisima kipo, tulikunywa tukashiba. Ubaya wake hauonekani kwenye glasi, unaonekana kinywani ukifika darasa la pili meno ya ukubwani yanapoota yana rangi ya kahawia, mengine yamemeguka. Nyumbani hakuna aliyeshangaa maana wote tulikuwa hivyo, mwalimu naye hivyo. Jirani yetu mmoja miguu ilipinda tangu mdogo, tukamwita Matege, watoto hatuna akili.

2014 nikaenda Dar usaili wa kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja. Nimevaa suti ya kuazima, najibu vizuri, Kiingereza kinateleza. Yule mama wa usaili akaniangalia, akaweka kalamu chini, akaniuliza taratibu kabisa kama anayeuliza mgonjwa: "Binti, unavuta sigara au unatafuna tumbaku?" Wenzake wawili wakainamisha vichwa. Nikamwambia ni maji ya kwetu. Akasema, "Maji?" Nikaona hajaamini. Nilitoka pale nimefumba mdomo na nadhani niliufumba miaka minne. Picha zangu za harusi zote nimebana midomo, mpiga picha akadhani nimelazimishwa kuolewa.

Kibaya zaidi mama yangu alijilaumu. Alisema angetusimamia tupige mswaki. Mswaki hauna kosa, ile ni floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, maji yanaichukua chini kwa chini. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho 1.5 miligramu kwa lita. Visima vya kwetu vingine vinapita hapo mara nyingi tu.

Mama Nasieku
Pole mdogo wangu. Mimi pia, King'ori. Nacheka kwa mkono mdomoni mpaka leo.

Mangi wa Rau
Samahani dada, mimi nilikuwa natania.

Chalii wa Mrombo
Chemsheni maji jamani, tatizo hamchemshi.

Dada Tabasamu
Kaka, kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haifi. Maji yanapungua kwa mvuke yenyewe inabaki palepale, yaani unaikoleza. Mwanangu nimemwekea simtanki la maji ya mvua kwa kunywa na kupika tu, masika na vuli nakinga, ya bomba tunaoga na kufua. Wanasema hatari kubwa kwa meno ni yanapojijenga, hasa kabla ya miaka minane. Ana saba na ya mbele yametoka meupe. Kuna pia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, waliofanya utafiti wake wako pale Ngurdoto, linanasa floraidi vizuri, ila mkaa unachoka, lazima ubadilishwe.

Ndoo Tupu
Mifupa?? Bora meno ya kahawia.

Mama Nasieku
Na magadi kwenye makande tuyapunguze, nayo yana floraidi ya kutosha. Najua hakuna atakayenisikiliza.

Mkwe Mpole
Mmemaliza? Maana langu ni zito.

2017 nilipanga Sakina, Arusha. Mwenye nyumba wangu alikuwa ndugu yake na huyu wa kufuli hapo juu, nadhani. Maji hayajatoka siku sita. Mzee akanunua simtanki jeusi la lita 2,000, akakataa fundi, akajenga kichanja mwenyewe kwa milunda sita na mabanzi, nyuma ya nyumba, pembeni kabisa ya choo cha uani. Maji yakitoka yanaingia kwanza tanki lake, halafu sisi tunafunguliwa koki kwa ufunguo.

Jumamosi hiyo wakwe watarajiwa wanatoka Kibosho kuja kuona binti yao ataishi wapi. Baba mkwe, shangazi wawili na mjomba mmoja ambaye hakuna aliyemwalika. Nikanunua madumu kumi kwa mkokoteni, 700 kila moja, nikayapanga sebuleni nyuma ya pazia wasijue. Pilau lipo, mbege ipo, mambo safi. Mzee kanywa kata mbili, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana, nielekeze msalani." Nikampeleka na ndoo yangu nimeibeba mwenyewe, heshima.

Kumbe maji yalitoka tangu alfajiri, yanaingia tanki la mzee kimyakimya, boya la kufungia hajaweka. Nimesimama nje namsubiri mkwe, nasikia juu: kwiiiii. Natazama, kichanja kinainama kama mlevi anayetafuta ukuta. Kuelekea chooni.

Nikapiga kelele, "MZEE TOKA!" Naye kwa ndani, kwa utulivu wote wa Kibosho: "Kijana, hata mkanda sijafungua."

Simu ina asilimia 2, umeme huku hamna. Narudi.

Ndoo Tupu
HAPANA. HAPANA.

Mpangaji Na. 7
Rudi hapa wewe!!

Mama Nasieku
Jamani mzee alipona?

Chalii wa Mrombo
Nimeanza mimi na sabuni yangu inawasha bado, hakuna hata aliyenipa pole.

Ndoo Tupu
Pole. Mkwe uko wapi?

Fundi Bomba Njiro
Mimi nasema hii ni chai, stori ya kutunga, tena chai ya Maji ya Chai. Lita 2,000 ni tani mbili kamili bila kuhesabu tanki lenyewe. Tani mbili zikiangukia choo cha uani hatuongelei mkwe, tunaongelea marehemu. Pili, bomba la nusu inchi kujaza lita 2,000 kwa presha yetu ya mgao ni saa tatu au nne.

Mpangaji Na. 7
Fundi umesoma? Kasema tangu alfajiri. Na wageni walikuja mchana.

Fundi Bomba Njiro
Sawa, nimelikosa hilo. Bado milunda sita.

Mwenye Nyumba
Milunda sita inabeba ukichagua mkaratusi uliokauka. Mimi ya kwangu mwaka wa tisa huu.

Fundi Bomba Njiro
Mzee, lishushe hilo tanki leo hii. Mkaratusi ardhini unaliwa na mchwa, juu unaona mzima chini umebaki ganda. Jenga nguzo za zege na mkanda juu, weka slabu, boya usilisahau. Na Chalii hapo juu, maji yakirudi baada ya mgao fungua koki taratibu, ile hewa inayokoroma inazungusha dira na unailipia.

Kijana wa Mwanga
Sisi dira tungepata hata ya hewa tungelipa.

Babu wa Kihamba
Vijana mnanichekesha. Sisi Old Moshi tulikunywa na kumwagilia kwa mfongo, ule mfereji wa asili wa Wachaga. Kila ukoo una zamu yake, saa zake. Zamu yetu ilikuwa usiku, baba ananiamsha nikakae kwenye tuta la juu na jembe, nisilale. Nikalala. Jirani wa juu akachepusha maji kwenye kahawa yake mpaka kumekucha. Nilichapwa na baba, kisha jirani naye akachapwa na wazee faini ya mbuzi na debe la mbege. Hayo ndiyo yalikuwa mamlaka ya maji, na bili ilinyweka.

Ndoo Tupu
"Bili ilinyweka" 😂 Babu heshima yako.

Mama Moshono
Mimi niseme ukweli, tangu ule mradi mkubwa wa Arusha, wa bilioni 520, huku kwetu maji ni afadhali mno. Nina miezi sijanunua dumu.

Chalii wa Mrombo
Afadhali ya Moshono haijafika Mrombo mama. Itakuwa iko kwenye haisi.

Mama Moshono
Basi usiseme mradi haufanyi kazi.

Chalii wa Mrombo
Nimesema haijafika!

Mkwe Mpole
Nimerudi, nimechaji kwa jirani mwenye sola.

Fundi, marehemu hayupo, tulia. Mlango wa choo ulikuwa bati na komeo la msumari, nikauvuta wote ukatoka na bawaba zake. Nikamkumbatia mkwe kiunoni kama gunia la kahawa, tukaanguka wote kwenye migomba. Tanki likateleza, likagonga kona ya ukuta wa choo, likageuka, likamalizikia bandani kwa mwenye nyumba. Kuku wa mzee kumi na mmoja walikufa kwa maji ndani ya mji ambao hauna maji siku sita. Uani kote mto, ndala zinaelea, shangazi wametoka wamepandisha vitenge mpaka magotini.

Mzee kainuka, suruali kaishika kwa mkono mmoja, kofia kwa mwingine. Akatazama ule mto, akanitazama. Akasema: "Kumbe maji yapo."

Sikulala. Siku ya tatu mshenga akaniletea orodha ya mahari imeandikwa upya. Mbuzi walewale, mbege ileile, blanketi la bibi lilelile, na mwisho kwa mwandiko wa mzee mwenyewe: simtanki moja lita 3,000, kichanja cha zege, ajenge fundi.

Mama Nasieku
Ulilipa?

Mkwe Mpole
Zege nililimaliza 2019. Ndoa na mtoto mmoja tulivipata kabla ya zege.

Fundi Bomba Njiro
Hapo kwenye orodha ya mahari nimeamini. Chai huwa haina mshenga.

Mwenye Nyumba
Kuku kumi na mmoja alilipwa nani?

Mpangaji Na. 7
Ndicho ulichokiona peke yake mzee?

Mwenye Nyumba
Nauliza tu. Halafu wewe wa Majengo, yule mama wa pacha anaitwa nani? Nina mpangaji anatoka Rombo ana pacha, mwaminifu sana, hajawahi kuchelewesha bili.

Mpangaji Na. 7
...Pacha wa kike na kiume?

Mwenye Nyumba
Ndiyo.

Mpangaji Na. 7
Mzee naomba nije Jumapili, saa ambazo kufuli limefunguliwa.

Chalii wa Mrombo
Wakuu samahani nakatisha, nasikia bomba la bafuni linakoroma. Naacha kila kitu.

Fundi Bomba Njiro
Fungua taratibu!

Ndoo Tupu
Subiri, asubuhi ulivyotoka mbio kuwahi haisi, koki uliifunga?

Ndoo Tupu
Chalii?