Kuwinda kulungu kwa upinde kwenye ardhi ya umma Kentucky: sheria zake zinasomwaje?

Mgeni_wa_Louisville

Wakuu, salaam. Niko Louisville, Kentucky, na nataka kuingia porini kuwinda kulungu msimu wa mishale ukifunguliwa Septemba. Upinde ninao, ni wa kompaundi (wenye kapi), nimeuweka uzito wa kuvuta wa pauni 50. Shamba sina na mwenye shamba simjui, kwa hiyo itakuwa ardhi ya umma tu.

Nimepakua kitabu cha mwaka cha Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Kentucky. Shida ni kwamba ukurasa mmoja unaruhusu, mwingine unasema "isipokuwa". Naomba msaada kwenye haya: leseni zinazohitajika, tofauti ya sheria kati ya WMA (maeneo ya wanyamapori ya jimbo) na Daniel Boone National Forest, kama naweza kufunga ulingo mtini nikauacha msimu mzima, na nifanye nini mnyama niliyempiga akikimbilia shamba la mtu. Halafu hili la nguo za rangi ya machungwa, linatuhusu sisi wa mishale?

PodoTupu

Mkuu, kitabu hakijichanganyi. Kimeandikwa kwa matabaka, nasi tunakisoma kama gazeti. Kuna sheria za jimbo zima, kuna za kaunti, halafu kuna za kipande chenyewe cha ardhi. Watu wanasoma la kwanza wanatosheka, kumbe wengi wanakamatwa kwenye la tatu.

Jimbo kwanza. Leseni ya uwindaji na kibali cha kulungu ni vitu viwili, na unahitaji vyote. Mkazi amekuwa akilipa dola 27 kwa leseni na 35 kwa kibali. Asiye mkazi ni 150 na 185. Hakikisha bei kabla ya kulipa. Ukazi maana yake una makao ya kudumu Kentucky na umeishi hapa siku 30 mfululizo kabla ya kununua. Kinachoangaliwa ni makao, si uraia. Leseni inaanza 1 Machi na kuisha mwisho wa Februari, kwa hiyo ukinunua Agosti inakufikisha mwisho wa msimu bila kukatwa katikati.

Kama umezaliwa 1 Januari 1975 au baada ya hapo, unatakiwa pia kuwa na kadi ya mafunzo ya uwindaji, na uwe nayo mfukoni ukiwa porini. Jiandikishe kiangazi, usingoje wiki ya mwisho ya Agosti. Upo msamaha wa mwaka mmoja kwa asiye na kadi, unatolewa mara moja tu maishani, na sharti lake ni kuongozana na mtu mzima aliyekamilisha masharti ya mafunzo. Kukaa mlima wa pili mkiwasiliana kwa simu si kuongozana.

Tarehe: msimu wa upinde hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba hadi Jumatatu ya tatu ya Januari. Krosibo, yaani upinde wenye kitako na kifyatulio kama bunduki, huanza Jumamosi ya tatu ya Septemba. Ukiazima krosibo ya rafiki wiki ya kwanza, umewinda nje ya msimu hata kama karatasi zako zote zimenyooka. Saa za kuwinda ni kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, kwa saa za mahali ulipo. Kumbuka magharibi ya Kentucky iko nyuma kwa saa moja.

Pauni 50 zinatosha. Kentucky haina kima cha chini cha uzito wa kuvuta, tofauti na Ohio wanaotaka 40. Wanachopima ni chembe, yaani ncha ya mshale: lazima kiwe chembe cha makali chenye upana usiopungua 7/8 ya inchi, na kama ni cha kufunguka, upana huo ni baada ya kufunguka. Sumu au kemikali yoyote kwenye mshale ni marufuku kabisa, nasema kwa wale waliokulia kwenye simulizi za mishale ya Wahadzabe na Wakamba. Na usifanye mazoezi kwa vyembe butu miezi mitatu kisha ukafunga vya makali usiku wa kuamkia msimu. Hata vikiwa na uzito wa greni 100 vyote, mabawa ya chembe cha makali yanashika upepo na mshale unaweza kwenda inchi kadhaa pembeni. Jaribu vyote viwili kwenye yadi 20 na 30. Visipogonga pamoja, sogeza egemeo la mshale kidogo kidogo mpaka vikutane.

Tabaka la pili ni kaunti. Kila kaunti ina Eneo lake la kulungu, 1 mpaka 4, na namba ikipanda masharti ya majike yanakaza. Dume mwenye pembe ni mmoja tu kwa mwaka, jimbo zima, kwa silaha zote. Ukimpata kwa mshale Septemba, Novemba usirudi na bunduki kutafuta wa pili.

Tabaka la tatu namwachia Mzee wa Dungu.

MzeeWaDungu

Asante PodoTupu. Kijana, WMA za huku ni maeneo yanayosimamiwa na idara ya jimbo, usizichanganye na zile za vijiji vya Tanzania. Mwisho wa kitabu cha kulungu kuna orodha ya WMA kwa majina. Tafuta ya kwako, usome mistari yake yote. Ukikuta imeandikwa tu kwamba sheria za jimbo zinatumika, umepona. Usipokuta hivyo, soma mara mbili: baadhi zina kipimo cha upana wa pembe za dume, Peabody inataka kibali chake cha kulipia, na zenye uwindaji wa kura hufungwa kwa wawindaji wengine wote siku hizo. Hilo la kura ndilo linalowaponza watu wa mishale. Wanaona msimu wa upinde uko wazi jimbo zima, wanaingia, kumbe wikiendi hiyo ni ya walioshinda kura peke yao. Maombi ya kura hupokelewa mwezi wa Septemba.

Kuhusu ulingo kwenye WMA: wa kubebeka tu, usioumiza mti. Misumari, skrubu, vyuma vya kupigilia kwenye gogo na waya haviruhusiwi, wala kwa ngazi. Tumia mikanda na ngazi za kufunga kwa kamba. Usiuweke zaidi ya wiki mbili kabla ya siku ya ufunguzi, na uondoe ndani ya wiki moja baada ya kipindi cha uwindaji kwisha. Andika jina na anwani yako mahali panaposomeka. Kibati kilichochongwa kinadumu, wino wa kalamu unafutika kwa mvua. Ulingo wa mbao uliokutwa mtini usiupande. Umekatazwa, na mbao zake kwa kawaida zimeoza kwenye misumari. Kumwaga mahindi au chambo kingine ndani ya WMA pia hakuna, hata kama mkulima wa jirani anamwaga kwake.

Kurudi salama ni sehemu ya mambo haya. Wengi huanguka wakati wa kupanda, kushuka, au kuvuka kutoka ngazini kwenda jukwaani, si wakiwa wamekaa. Kwa hiyo mkanda wa mwili uunganishwe na kamba ya mtini tangu miguu ikiwa chini, na fundo lipande pamoja nawe. Upinde usipande nao begani. Uvute kwa kamba baada ya kujifunga, vyembe vikiwa ndani ya kifuniko cha podo. Futi 15 mpaka 20 zinatosha. Ukipanda zaidi pembe ya mshale inakuwa kali mno, unagusa pafu moja tu, na mnyama wa pafu moja anaweza kwenda mbali sana.

Daniel Boone ni msitu wa serikali kuu. Hakuna kibali cha ziada cha kuwinda humo, sheria za jimbo na za kaunti zinakufuata, lakini juu yake kuna za shirikisho: kurusha mshale ndani ya yadi 150 za nyumba, kambi au eneo lenye watu ni kosa, na kurusha kukatiza barabara ya msitu ni kosa. Wengi wanadhani kifungu hicho ni cha bunduki peke yake. Kimetaja kifaa chochote chenye uwezo wa kuua mtu. Pia ramani ya msitu inakuonyesha mpaka wa nje, na ndani yake kuna mashamba ya watu kama viraka. Weka kwenye simu ramani yenye mipaka ya viwanja, uipakue kabla ya kuondoka, maana mabondeni mtandao hakuna.

Land Between the Lakes nayo iko chini ya Idara ya Misitu ya Marekani, ila ina kibali chake na tarehe zake. Fort Knox na Fort Campbell ni jeshi, kila moja na utaratibu wake. Mammoth Cave ni hifadhi ya taifa, hakuna kuwinda kabisa. Ukipita humo na upinde, uwe umefungwa kwenye gari kwa namna isiyo tayari kutumika.

Dada_Bowling_Green

Naongeza yaliyobaki, kaka.

Rangi ya machungwa inawahusu. Siku yoyote ambayo msimu wa kulungu kwa silaha za moto uko wazi, pamoja na wikiendi ya vijana na ile ya magobore mwezi Oktoba, kila anayewinda kulungu lazima avae rangi hiyo kichwani, kifuani na mgongoni, ionekane pande zote. Madoadoa ya kujificha yaliyotiwa rangi ya machungwa hayahesabiki. Msimu mkuu wa bunduki huanza Jumamosi ya pili ya Novemba, kwa hiyo chukua kalenda uziwekee alama siku hizo zote.

Mnyama akiingia shamba la mtu: simama mpakani. Huna haki ya kumfuata bila ruhusa ya mwenye ardhi, hata kama damu inaonekana kwenye seng'enge na upinde umeuacha garini. Nenda ukabishe hodi, au mpigie afisa wa wanyamapori. Bora zaidi, usifunge ulingo mita 50 kutoka mpakani, kwani kulungu aliyepigwa mapafu vizuri bado anaweza kukimbia zaidi ya hapo.

Na usiharakishe kumfuata. Angalia mshale kwanza. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, ngoja nusu saa. Damu nyeusi-nyekundu ni ini, ngoja kwa muda wa saa nne hivi. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu ya kinyesi, ni utumbo: ondoka kimya, urudi baada ya muda wa saa nane au zaidi. Wanaomfuata huyu mapema humwamsha alipolala, naye huvuka mpaka.

Ukimpata, kabla ya kumsogeza jaza kumbukumbu ya mawindo: aina, jinsia, tarehe, kaunti. Halafu toa taarifa Telecheck, mfumo wa idara wa kuripoti mawindo, kwa simu au mtandaoni, kabla ya saa sita usiku wa siku hiyohiyo, uandike namba ya uthibitisho. Mzoga ukitoka mikononi mwako, hata ukienda kwa mchinjaji, uwe na lebo yenye jina lako, simu na namba hiyo.

Nyama gawa upendavyo, lakini usiuze. Najua sherehe zetu, mtu atakwambia "nikupe hela ya mafuta tu". Hiyo ni biashara ya wanyamapori. Na kwa walio njiani kuomba uraia: fomu huuliza kama umewahi kupewa hati ya kosa na afisa wa sheria. Mwulize wakili kabla ya kudhani tiketi ya porini haihesabiki.

Mgeni_wa_Louisville

Nimewaelewa vizuri sana, asanteni. Swali la mwisho. Kutoka kwangu kuvuka mto kwenda Hoosier National Forest, Indiana, ni karibu kuliko kwenda Daniel Boone. Leseni yangu itafanya kazi huko?

PodoTupu

Haifanyi. Ukivuka Ohio River wewe ni mgeni: leseni ya asiye mkazi ya Indiana, kitabu chao, vipimo vyao.

Kuna mtego mwingine wakati wa kurudi. Kwa sababu ya ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, ambao Kentucky iliuthibitisha kwa mara ya kwanza Desemba 2023 kaunti ya Ballard, hairuhusiwi kuingiza mzoga mzima kutoka jimbo lingine. Ubongo, macho, uti wa mgongo na tezi vibaki ng'ambo. Mpasue hukohuko: nyama iliyotolewa mifupa, au mapaja na mikono bila sehemu yoyote ya uti wa mgongo wala kichwa. Pembe unaweza kuja nazo zikiwa kwenye bamba la fuvu lililosafishwa, lisilo na ubongo. Ngozi iwe safi. Nenda na kisu kikali, msumeno mdogo, mifuko na barafu ya kutosha, kwa sababu Septemba huku bado kuna joto na nyama haitakusubiri.