Naomba ushauri: seva ya mfano inapokea ujumbe vipande vipande

Wakuu, habari zenu. Ninajifunza maktaba moja ya mawasiliano ya mtandao, na nimeanza na programu mbili za mfano zinazokuja nayo, seva na programu ya mteja, zote zikiendeshwa kwa amri kwenye terminali. Kwenye kompyuta moja, kwa anwani 127.0.0.1, ujumbe wa baiti 3000 hufika mzima kila mara. Nikimhamishia mteja kwenye kompyuta ya pili, seva ileile, yenye bafa (nafasi ya kumbukumbu ya kupokelea data) ya baiti 4096, inachapisha baiti 1448, kisha 1448 nyingine, kisha 104, kana kwamba nimetuma jumbe tatu. Nimeongeza bafa hadi 65536 bila mafanikio. Kosa ni la maktaba au ni langu?

Jibu la kwanza:
Maktaba haina kosa, ndugu. TCP, itifaki inayosafirisha data yako, haijui ujumbe wako unaanzia wapi wala unaishia wapi. Inachokuahidi ni mkondo wa baiti zinazofika kwa mpangilio zilivyotumwa. Hiyo 1448 nayo ina asili yake: pakiti kwenye Ethernet huwa na hadi baiti 1500, na ukiondoa 20 za kichwa cha IP, 20 za kichwa cha TCP na 12 za alama za muda, zinabaki 1448. Mawasiliano ya ndani ya kompyuta moja, kwenye Linux, huruhusu pakiti za hadi baiti 65536, ndiyo maana hukuliona tatizo mapema. Mifano mingi huita `recv`, yaani amri ya kupokea data, mara moja tu ili iwe mifupi, na kwangu hilo ni kosa la ufundishaji, kwa sababu mwanafunzi huondoka akiamini kwamba kila `send` (amri ya kutuma) ina `recv` yake. Tanguliza urefu wa ujumbe katika baiti 4, uupitishe kwenye `htonl`, inayopanga baiti za namba kwa mpangilio wa mtandao, kisha rudia `recv` mpaka idadi itimie. Ikirudisha 0, upande wa pili umefunga.

Jibu la pili:
Naongezea: weka kikomo cha urefu unaokubali, la sivyo mtu atatuma namba kubwa mno na seva yako itajaribu kutenga kumbukumbu isiyokuwepo. Kama unatuma maandishi tu, maliza kila ujumbe kwa mstari mpya, maana hapo utaweza kuijaribu seva kwa mkono ukitumia `netcat`, programu ya terminali ya kutuma na kupokea data kwenye mtandao.

Mwuliza swali:
Nashukuru sana. Nimechagua urefu, kwa kuwa nitatuma pia mafaili ya picha, ambayo baiti ya mstari mpya inaweza kujitokeza popote ndani yake. Baiti 3000 sasa zinafika zikiwa ujumbe mmoja. Limebaki moja: nikizima seva na kuiwasha papo hapo, inakataa ikidai anwani inatumika.

Jibu la kwanza:
Muunganisho wa zamani bado uko katika hali ya `TIME_WAIT`, yaani mfumo unaushikilia kwa muda baada ya kufungwa. Washa `SO_REUSEADDR`, chaguo linaloruhusu anwani itumike tena, kwenye soketi kabla ya kuita `bind`, amri inayoipa soketi anwani yake.