Sanamu ipi inavuta koyote wakati wa theluji?

Mpare wa Dakota: Wakuu, poleni na baridi. Nipo South Dakota, Marekani, mwaka wa tatu. Mfugaji jirani kaniruhusu kuwinda koyote, yule mnyama wa Amerika wa jamii ya mbwa, shambani kwake kabla ng'ombe hawajaanza kuzaa. Nina spika ya milio na kile kidude cha betri, kipande cha manyoya kinachozunguka juu ya kijiti kama sungura anatapatapa. Jumamosi ilikuwa nyuzi 22 chini ya sifuri. Kikazunguka dakika kumi, kikasinzia, kikagoma. Koyote akatokea, akakaa kitako kama mita 200, akamkazia macho sungura wangu, akazunguka mpaka nyuma yangu, akanusa, huyooo! Sasa kuna sanamu ya koyote mzima inauzwa. Ninunue?

Babu Kijiko: Inategemea mwezi. Desemba njaa ndiyo inamleta, sungura anatosha. Januari mwishoni hadi Machi mwanzoni wanapandana, na dume na jike wanalinda eneo lao. Wakiona mgeni kasimama kwao, wanakuja kwa hasira. Ila koyote kijana wa mwaka jana akiiona sanamu hiyo anageuza, kashaumwa sana na wakubwa.

Mtumbatu: Mnajadili sanamu, mimi naona upepo. Koyote mzoefu haji moja kwa moja, anazunguka demani, upande upepo unakoelekea, apate harufu kwanza. Sanamu ya sungura uliiweka umbali gani?

Mpare wa Dakota: Hatua kumi. Theluji ilikuwa magotini, nikaona uvivu.

Mtumbatu: Basi kuinusa ile ni kukunusa wewe! Ipeleke hatua 50 goshini, upande upepo unakotoka, spika iwe hapo hapo. Akizunguka kuinusa atakatiza mbele ya bunduki kabla hajaifikia harufu yako.

Mama Fargo: Betri za alkali baridi inaziua, weka za lithiamu. Mimi natundika unyoya wa bata mzinga kwa uzi kwenye ufito, upepo kidogo tu unacheza. Na hiyo sanamu kubwa ukiinunua usiibebe wazi begani jamani! Itie kwenye mfuko wa rangi ya chungwa. Mwindaji mwingine akiwa mbali hajui kama ni plastiki.

Mpare wa Dakota: Asanteni. Jumapili naenda na unyoya, hatua 50 hata theluji ikifika kiunoni. Ya koyote naisubirisha hadi Januari mwishoni.

Mtumbatu: Uushike na glavu huo unyoya.