Eti KABATI ndo limepinda??!

Wakuu salamu baadae, nina hasira hapa hadi mkono unatetemeka. Huyu fundi aliyenipigia plasta mnamjua. Uyole yote mnamjua, Itezi mnamjua, yule mwiko anauchomeka kiunoni kama bastola, simtaji ila mnamjua.

Leo ndo tumehamia, tukasogeza kabati la nguo ukutani, juu limegusa, chini limeacha mwanya mtoto wa miaka minne kaingia mpaka begani anatafuta mpira. Nikampigia simu aje aone kazi yake. Kaja. Pima maji hana, timazi hana, kafumba jicho moja kama anapiga manati, kakaa hivyo weee, halafu mbele ya mama mkwe ananambia "Dada, ukuta umenyooka, kabati ndo limepinda."

KABATI NDO LIMEPINDA. Kabati la mninga nimeolewa nalo 2014, limekaa nyumba tatu za kupanga halijawahi kupinda, lije lipinde leo kwa heshima ya plasta yake?

Ukuta una kona kuliko barabara ya mlima Kitonga yani. Usiku ukimulika tochi ya simu ubavuni unaona vilima, unaona mabonde, kuna sehemu naapa nimeona mbuzi wanakula majani. Swichi ya taa imezama kama kitovu, ya pili yake imetokeza nje. Na kila siku ilikuwa "dada ongeza mfuko, tofali zinakula", kumbe anajengea milima!

Kinachoniuma mama mkwe naye akainama kulichungulia kabati miguu. AKAINAMA wakuu.

Kibatari: Uzi bila picha ni umbea. Weka kabati tulione.

Mleta mada: Kabati la nini wewe?? Tatizo ni UKUTA

Mnyalu Halisi: Dada usiitukane Kitonga, ile angalau kona zina vibao.

Mzee wa Mwiko: Hizo ni tofali za kuchoma sio? Hazilingani hata mbili. Mashimo yanajazwa kwanza, unaacha yashike, ndo unapiga plasta yenyewe juu yake. Na ukuta uloweshwe maana tofali zile zinanyonya maji, plasta inakauka kabla haijashika. Alitembeza rula kweli?

Mleta mada: Rula alikuwa nayo, alikuwa anaikalia akila ugali

Kibatari: Basi rula ilipinda, ukuta ukafuata rula. Fundi hana kosa.

Saidia Fundi: Mngesema na bei mliyompa. Mnamkandamiza mtu mpaka hela ya chai halafu mnataka ukuta kama kioo

Mleta mada: Bei inahusianaje na kuniambia KABATI LIMEPINDA mbele ya mama mkwe???

Kaka wa Makambako: Wewe shukuru ukuta umesimama. Mimi kenchi zilipigwa mbao mbichi, zilivyokauka zikajikunja, sasa na upepo wa huku bati zinapiga makofi usiku kucha utadhani kuna harusi darini

Mafinga Mbao: Sisi mbao zetu msizisingizie. Unakuja na haraka, unaambiwa subiri zikauke, unajibu mwezi ujao nahamia

Bintitukuyu: Haya mnaolilia upepo njooni huku kwa mvua, rangi ya nje imebambuka yote, nyumba imekuwa na mabaka kama ng'ombe

Mnyalu Halisi: Ng'ombe tena? Umenikumbusha, hivi gunia la viazi Uyole leo linaendaje?

Mzee wa Mwiko: Lumbesa, lile la kujazwa mpaka linafura juu, au la kawaida?

Mnyalu Halisi: Lumbesa bana, nani ananunua la kawaida

Kaka wa Makambako: Lumbesa ndo inawaua wakulima halafu mnakuja kulia hapa

Mleta mada: Jamani ukuta wangu

Mnyalu Halisi: Dada wewe si uko huko huko, viazi unavyo?

Mleta mada: Ninavyo gunia mbili. Nimeziweka nyuma ya kabati.